Chai ya mitishamba nyumbani: uchemshe, ufunike, uiachie kwenye chupa au uloweke kwa maji baridi?

Una mfuko wa mimea mikavu mkononi na watu wawili wanaokushauri. Mmoja anasema mitishamba isiyochemka ni maji yaliyotiwa rangi tu. Mwingine anasema ukishachemsha umeshaharibu kila kitu. Mimi kwa miaka kadhaa nilikuwa upande wa yule wa kwanza, mpaka siku moja nilipochemsha mnanaa hadi nyumba nzima ikanukia, kisha nikaonja kikombe changu nikakuta hakina kitu. Ile harufu iliyojaa sebuleni ndiyo niliyokuwa nataka kuinywa.

Washauri wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja ana mmea wake kichwani. Wa kwanza amezoea mizizi na magome, wa pili amezoea maua na majani. Ndiyo maana siamini maelekezo ya jumla ya "namna ya kupika mitishamba". Hapa nalinganisha njia nne zisizohitaji kifaa cha ajabu: kuchemsha kwenye sufuria, kumiminia maji ya moto na kufunika, kuiachia kwenye chupa ya chai, na kuloweka kwa maji baridi.

Ninaposema mitishamba nakusudia mmea wowote wa kunywa ambao si mchai wenyewe: mnanaa, mchaichai, tangawizi, rosela, kamomili, mdalasini, shamari na wenzao. Mingi kati ya hiyo haina kafeini, na mingi haina ule ukakasi mwingi wa majani ya chai, kwa hiyo kanuni ya dakika 3 hadi 5 tuliyoizoea kwenye chai nyeusi haiihusu sana.

Tunapima nini

Vipimo vyangu ni vitano: sehemu ya mmea uliyonayo, kinachofika kikombeni, muda na kazi (pamoja na kuosha vyombo, jambo ambalo watu husahau kulihesabu), namna njia inavyoweza kuharibika, na mtu inayemfaa.

Cha kwanza ndicho kizito. Jani la mnanaa hubeba mafuta yake ya harufu kwenye vifuko vidogo mno vilivyo juu ya ngozi ya jani. Maji ya moto yakiligusa tu, mafuta yanaachia. Gome la mdalasini au kipande cha mzizi ni kama kuni: kilichomo kimefungwa ndani ya nyuzi, na maji lazima yapenye na kulainisha kwanza ndipo yatoke nacho. Mbegu kama shamari na iliki zimekaa katikati. Mafuta yako ndani, lakini ukizipasua kidogo kwenye kinu yanatoka bila kusubiri moto. Zipondwe muda huohuo wa kutumia, si wiki iliyopita.

Halafu kuna jambo la harufu. Kinachonukia ni kitu kinachoruka. Ukisimama mlangoni ukausikia mnanaa ulio jikoni, maana yake mentholi, ile inayoupa mnanaa ubaridi wake, imeshatoka kwenye maji na kuingia hewani. Vitu vya ukali, uchungu na rangi kwa kawaida haviruki hivyo. Hubaki majini hata sufuria ikikaa motoni muda mrefu. Ukishika hilo, karibu kila tofauti kati ya njia hizi nne unaweza kuibashiri mwenyewe.

Kiasi cha kuanzia kinafanana kwa njia zote: kijiko kimoja hadi viwili vya chai vya mimea mikavu kwa kikombe cha mililita 200 hadi 250. Ikiwa mibichi, weka mara mbili au tatu, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Kijiko lakini hudanganya. Kijiko cha maua ya kamomili ni hewa tupu, kijiko hichohicho cha tangawizi kavu ya unga kitakuchoma koo. Mwenye mizani ndogo ya jikoni apime gramu 2 hadi 3 kwa kikombe, kisha arekebishe kwa ulimi wake.

Kuchemsha kwenye sufuria

*Mimea yake.* Mizizi, magome, vijiti, matunda makavu, mbegu ngumu. Tangawizi, mdalasini na karafuu ziko nyumbani hapa. Mabua ya mchaichai nayo huvumilia yakipondwa kwanza; majani yake membamba ni afadhali uyatie mwishoni.

*Kikombeni.* Chai nzito, iliyokolea, yenye rangi. Tangawizi ndiyo inayoonyesha vizuri moto unafanya nini. Ikiwa mbichi, ukali wake hutokana na jinjeroli. Ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli hiyo hugeuka shogaoli, ambayo ni kali zaidi, na ndiyo maana tangawizi kavu haina mzaha. Ikipikwa, sehemu nyingine hugeuka zinjeroni, ambayo ni laini na ina utamu kwa mbali. Kwa hiyo tangawizi mbichi iliyotokota dakika 20 haikwaruzi kama ile iliyomiminiwa maji tu. Ukali wake umetulia na unashuka kifuani polepole. Majani mabichi hayana bahati hiyo. Dakika chache za kuchemka hugeuza kijani chake kuwa rangi ya zeituni iliyochakaa, kwa kuwa klorofili hupoteza magnesi yake, na ladha huanza kuelekea kwenye mboga iliyopikwa.

*Muda na kazi.* Anza na maji baridi, yachemke pamoja na mizizi, kisha punguza moto yatokote taratibu kwa dakika 15 hadi 30, mfuniko ukiwa umeegeshwa. Ongeza maji yakipungua. Kuosha ni rahisi, lakini huwezi kwenda mbali na jiko. Faida moja isiyosemwa sana ni kwamba mizizi ileile huweza kuchemshwa mara ya pili, hasa kama uliikata vipande vinene.

*Inapoharibika.* Kwanza ni kusahau. Niliwahi kuuacha mdalasini jikoni nikaenda kupokea simu. Niliporudi maji yalikuwa yamekwisha na vijiti vimeshikana na sufuria, na kwa siku mbili kila nilichopikia humo kilikuwa na harufu ya ubao ulioungua. Pili ni chombo chenyewe. Rosela na matunda machachu hula alumini, kwa hiyo tumia chuma kisichoshika kutu, kioo cha kuhimili moto, au enameli isiyobanduka.

*Inamfaa* anayewapikia watu wengi kwa mara moja, na anayependa chai ya kuushika ulimi. Inamfaa pia anayeishi kwenye mwinuko mkubwa. Kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 za selsiasi au karibu na hapo, na mzizi uliomiminiwa maji hayo tu utatoa kidogo. Sufuria hukupa nafasi ya kufidia kwa kuongeza dakika.

Kumiminia maji ya moto na kufunika

*Mimea yake.* Majani, maua, na mbegu zilizopasuliwa.

*Kikombeni.* Fanya jaribio hili mara moja tu, hutahitaji kushawishiwa tena. Chukua vikombe viwili vinavyofanana, tia kila kimoja kiasi kilekile cha mnanaa mkavu, mimina maji yaliyotoka kuchemka. Kimoja kifunike kwa kisahani, kingine kiache wazi. Baada ya dakika 8 inua kisahani taratibu, usikiinamishe. Chini yake kuna matone. Lamba moja. Si maji matupu hayo: yananukia mnanaa, pengine kuliko kikombe chenyewe. Matone yaliyobaki yarudishe kikombeni, kisha onja vikombe viwili kwa zamu. Kilichoachwa wazi kina rangi nzuri na ladha ya majani. Kilichofunikwa kinapoza pua.

Muda nao una maana, ila si kwa kila mmea. Kamomili ni mfano wa mmea unaokugeuka. Jina lake limetoka kwenye Kigiriki na lilimaanisha "tufaha la ardhini", na ukiiondoa kwenye dakika 5 au 6 utaelewa aliyeipa jina hilo. Ukiisahau dakika 15 au zaidi, uchungu hupanda na tufaha linatoweka. Rooibos, majani ya kichaka cha Afrika Kusini, ni kinyume chake: ina tanini chache, vile vitu vinavyoleta ukakasi, unaweza kuisahau nusu saa ukarudi ukaikuta bado mpole. Mnanaa na mchaichai ziko kati, dakika 7 hadi 10 zinatosha.

*Muda na kazi.* Dakika 5 hadi 10, na huhitaji kusimama jikoni. Mabishano yako kwenye kichujio. Lile tufe dogo la chuma lenye matundu na mnyororo linapendeza machoni, lakini mimea mikavu hufura ikilowa, na kamomili iliyobanwa ndani yake hugeuka donge ambalo maji hayapenyi. Kikapu kipana kinachoshuka hadi karibu na kitako cha kikombe ni bora mno. Birika la kusukuma, lile la kahawa lenye wavu, linafaa sana kwa watu wawili au watatu. Tatizo lake ni kwamba harufu ya kahawa hung'ang'ania kwenye wavu, kwa hiyo litengwe kwa mitishamba peke yake. Mimi situmii chochote kati ya hivyo. Naacha majani yaelee yapendavyo kwenye kikombe kikubwa kilichofunikwa, kisha napitisha kwenye chujio la kawaida kuingia kikombe cha pili. Kazi ya ziada ni kuosha kikombe kimoja.

*Inapoharibika.* Kikombe baridi hunyonya joto la maji kabla majani hayajapata lolote, kwa hiyo kisuuze kwanza kwa maji ya moto. Zaidi ya hapo kosa kubwa ni kuipa njia hii kazi isiyo yake. Kijiti kizima cha mdalasini kwa dakika 7 ni pambo.

*Inamfaa* anayekunywa peke yake, mwenye haraka, na anayenywa kwa ajili ya harufu kuliko uzito.

Kuiachia kwenye chupa ya chai

Chupa ya aina hii ilianza maabara: James Dewar aliibuni mwaka 1892 kwa ajili ya vimiminika vyenye baridi kali. Kuitumia kupikia ni uvivu wa akili nzuri.

*Mimea yake.* Mizizi na magome yaliyokatwakatwa membamba, matunda makavu, rooibos, majani magumu. Kamomili isiingie humo kabisa.

*Kikombeni.* Njia hii huchukua kidogo kutoka kila upande. Kifuniko kimefungwa, kwa hiyo harufu haina pa kwenda. Joto linadumu, kwa hiyo hata mzizi hulegea. Haifikii uzito wa sufuria, lakini tangawizi iliyolala kwenye chupa huwa na harufu ambayo ya sufuria imeshaipoteza. Majani laini yakilala humo usiku kucha hutoka kahawia na machungu.

*Muda na kazi.* Dakika mbili za kazi usiku, saa 4 hadi 8 za kusubiri ukiwa umelala. Suuza chupa kwa maji yanayochemka kabla ya kutia mimea, la sivyo joto la kwanza linaishia kwenye kuta zake.

*Inapoharibika.* Kwenye kuosha. Mashapo hujificha mabegani mwa chupa, na mpira wa kizibo ukishashika karafuu, kila kinywaji kitakuwa karafuu hadi mwaka ugeuke. Tia mimea kwenye kifuko cha kitambaa au cha karatasi, na chupa ikishaoshwa iache wazi ikauke. Jingine ni la usalama: chupa iliyochoka huacha chai ikae vuguvugu kwa saa nyingi, hali ambayo bakteria huipenda. Ukiifungua asubuhi ukaikuta ya uvuguvugu badala ya moto, imwage na ufikirie chupa nyingine.

*Inamfaa* anayetoka alfajiri, na anayebana matumizi ya moto, maana hapa unachemsha maji mara moja tu.

Kuloweka kwa maji baridi

*Mimea yake.* Rosela inaongoza. Mnanaa mbichi uliosuguliwa kwa viganja, mchaichai uliopondwa, na ile mimea inayotafutwa kwa ajili ya ulenda wake, kama mzizi wa Althaea officinalis. Mzizi huo hufaa kwa baridi kwa sababu maji baridi huchukua ulenda na kuacha sehemu kubwa ya wanga, ambao kwenye moto ungevimba ukafanya uji.

*Kikombeni.* Rosela iliyolala kwenye baridi hutoka na rangi ya damu ya mzee, uchachu safi na ukakasi mdogo kuliko ile ya moto. Mnanaa hutoka mtamu, bila ile ladha ya majani yaliyoiva. Viungo vya mbao havitoi cha maana hapa, usipoteze mdalasini.

*Muda na kazi.* Saa 6 hadi 12. Kazi yake ni ndogo kuliko zote: jagi, maji, mfuniko, friji, chujio.

*Inapoharibika.* Hapa sipiti haraka. Mimea mikavu huwa na vumbi na vijidudu hata ikionekana safi, na maji baridi hayaui chochote. Tumia maji salama ya kunywa, jagi lililooshwa vizuri, friji yenye nyuzi 5 au chini, na uimalize ndani ya siku moja. Kuanika jagi juani dirishani ni wazo linalopendeza kwenye picha. Jua huyafikisha maji kwenye uvuguvugu tu, na huo ni ufugaji wa vijidudu. Kuna njia ya kati ninayoipenda: mwagia mimea maji kidogo yanayochemka, yafunike dakika moja au mbili, kisha ongeza maji baridi na uweke kwenye friji. Unapoteza wepesi kidogo wa ladha na unapunguza hatari. Kwa mjamzito, mtoto mdogo, mzee dhaifu au mtu mwenye kinga iliyopungua, pika kwa moto kisha upoze.

*Inamfaa* anayetaka kinywaji cha kupoza, na yeyote ambaye rosela ya moto humkunja uso.

Ukiwa na mchanganyiko

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa sababu pakiti moja huweza kuwa na mzizi, gome na ua. Si lazima uchague njia moja. Tangawizi na mnanaa: tangawizi itokote dakika 15, zima moto, subiri povu litulie, tumbukiza mnanaa, funika dakika 5, chuja. Kila mmoja amepata alichohitaji ndani ya sufuria moja.

Ikiwa pakiti haisemi kitu zaidi ya "mchanganyiko", mimina kiasi kwenye sahani nyeupe uisambaze kwa kidole. Kinachovunjika ukikibana kati ya vidole viwili kinataka kufunikwa. Kisichovunjika kinataka moto. Mara nyingi unaweza kuvitenga kwa mkono ndani ya dakika moja.

Limau na asali viingie mwishoni. Limau huamsha wekundu wa rosela papo hapo, inafurahisha kuitazama. Asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kwa njia yoyote ile.

Na ukibadili njia umebadili dozi. Mzizi wa urukususu ukinywewa mwingi kwa siku nyingi huweza kupandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu, na uliochemshwa sana ni mzito kuliko uliochovywa. Hypericum perforatum, ua la njano linalonywewa kwa ajili ya huzuni, hupunguza nguvu za dawa kadhaa, vikiwemo vidonge vya kupanga uzazi. Mwenye dawa za kila siku au ujauzito amuulize mfamasia au daktari kwa jina la mmea, si kwa kusema "ni chai tu".

Uchague ipi, kwa hali yako

Kikombe kimoja jioni, majani au maua: mimina na ufunike. Hata kama una sufuria nzuri, iache ipumzike.

Wageni sita na fungu la tangawizi na mdalasini: sufuria. Anza nusu saa kabla, na simu uwe nayo jikoni.

Safari ya alfajiri au gesi iliyobaki kidogo: chupa, mimea ikiwa kwenye kifuko.

Mchana wa joto na rosela: friji tangu usiku uliotangulia. Kama huna friji unayoiamini, pika kwa moto, ipoze ikiwa imefunikwa na uinywe siku hiyohiyo.

Unaanza tu na hujui unapenda nini: nunua mmea mmoja mmoja, si mchanganyiko, na kila mmoja ujaribu kwa njia mbili siku moja. Mchaichai uliotokota na mchaichai uliofunikwa, vikombe viwili mezani. Mimi nilidhani ningeupenda uliofunikwa, kwa jinsi ninavyopigia debe kisahani. Hadi leo mchaichai nauchemsha.